Tuliwaambia Mlandizi

Mimi ndiye niliyeipiga chapa ile orodha. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure. Miaka ya sabini, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Maili Moja. Orodha za kaya za kuhamishwa zilipita mezani kwangu, nakala tatu tatu, na karatasi za kaboni zilinichafua vidole hadi nikaona aibu kula mbele za watu. Siku ilipokuja orodha ya kilima chetu huko Kisarawe nilikuta jina la bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Kwenye safu ya mahali aendako nikapiga, kwa vidole hivi hivi: Mlandizi.

Kusema kweli nilifurahi. Mlandizi na Maili Moja ni jirani, basi moja tu. Nikaona nitakuwa nakwenda kwa Bibi kila Jumapili, nile kisamvu chake, nirudi na mihogo. Jumamosi ile ile, kazi ilipokwisha adhuhuri, nikapanda basi la mjini, nikabadilisha la Kisarawe, nikamalizia kwa miguu.

Nilimkuta anaambua kunde.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume tena?"

Babu alikuwa amekufa siku nyingi, lakini huo ndio uliokuwa utani wetu, hauishi. Nikamweleza habari ya kuhama. Walikwisha kusikia tetesi, kwa hiyo hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu: wapi.

"Mlandizi, Bibi."

"Mlandizi pale pale? Una hakika?"

Mimi nina hasira za karibu, na nilizirithi kwake. "Ala! Bibi, nakwambia nimepiga chapa mwenyewe!"

Akaweka ungo chini. "Haya, yaishe. Kama ni Mlandizi, kesho tukawaambie."

Hao wa kuambiwa walikuwa wazee wa pangoni. Nyuma ya kilima chetu kulikuwa na pango, mwendo wa nusu saa kwa miguu ya Bibi, mdomo wake mdogo kati ya majabali mawili, kuta zake za udongo mweupe unaoacha vumbi mwilini kama unga. Zamani za wakamata watumwa watu wa ukoo wetu walijificha mle, wanawake na watoto kwanza. Pango lile halirudishi sauti. Mapango mengine ukiita unaitikiwa. Hili ukiita, sauti inakwenda moja kwa moja, na aliye nje hasikii kitu. Inasemwa watoto walilia mle siku nzima huku wakamataji wamekaa juu ya jabali wanakula mihogo yetu, na wasijue. Siku ya kutoka na kukimbilia mbali, bibi mmoja mzee akawa miguu imekataa. Akawaambia: nendeni, niacheni hapa, ila niambieni mnakokwenda, msije mkanipotea. Wakamwambia, wakaenda, yeye akabaki.

Tangu hapo ikawa desturi. Mtu wa kwetu akiolewa mbali, au akihama, yule bibi lazima aambiwe, yeye na wazee wote waliomfuata. Maneno yakisemwa mle pangoni huwafikia popote walipo. Yakisemwa nje ni upepo. Na mtu wetu akifa ugenini, wao ndio wanaokuja kumpokea, maana wanajua aliko. Majina yao hutajwa mle ndani tu, kuanzia kwa yule bibi, na aliyekwisha kuaga harudi mwenyewe. Kama kuna neno jingine, humtuma mwingine wa ukoo aliyewahi kuingizwa.

Bibi alikuwa mtu wa swala tano, na hakuona tatizo lolote. Watu wa msikitini walipomsema, aliwajibu: "Mungu namwomba. Hawa nawapa taarifa tu." Tena yeye alikuwa na haki kuliko wote, kwa sababu alizaliwa mle mle, wakati watu wamejificha kwa kumkimbia Mjerumani. Akitaka kuringa alisema, "Miye nimezaliwa tumboni mwa kilima. Nyie wengine mmezaliwa vibandani."

Jumapili asubuhi tukaenda, mimi nikiwa nyuma na kibuyu cha maji na unga wa mtama. Mdomoni akaniambia nivue viatu, nivue na saa, nifunge kaniki juu ya sketi.

"Saa ina kosa gani, Bibi?"

"Vua. Humo hamna anayekwenda kazini."

Nikavua kwa kununa. Niseme ukweli wangu: nilikuwa msichana wa ofisini, nywele nimesuka mjini juzi yake, na moyoni nilikuwa nafikiria basi la kurudia. Bibi akatangulia kwa magoti. Ndani unaweza kusimama. Palikuwa na vigae vya vyungu vya zamani, baridi, na harufu ya popo inayokaba koo. Akakoroga unga, akaumimina chini ya ukuta, akapiga kiganja kwenye mwamba mara tatu, akaanza kutaja majina. Aliyataja taratibu, mojamoja, kama mtu anayewaita wenziwe waje kula.

Popo akanipita sikioni. Nikapiga ukelele, na ukelele wangu ule ukamezwa kana kwamba sikufungua mdomo. Lo! Niliogopa zaidi hiyo kuliko popo. Nikajikunyata, nikaziba masikio kwa mikono miwili. Nilipoyazibua, majina yalikuwa yamekwisha.

"Tunahamia Mlandizi," Bibi alikuwa anasema. "Mjukuu wenu huyu hapa amesoma, ameandika mwenyewe. Mlandizi. Msitupotee."

Kisha akanigeukia. "Umesikia kila kitu? Maana nimekwisha kuaga. Kukiwa na neno, wa kurudi ni wewe."

"Nimesikia, Bibi."

Ndivyo nilivyosema. Ningesema "sikusikia," angerudia pale pale; ni jambo la dakika mbili. Lakini nilishaona aibu kwa ule ukelele, na basi linanisubiri. Tukatoka bila kugeuka nyuma. Nje Bibi alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akaniambia vumbi limemwingia.

Niliomba ruhusa ya siku mbili, siku ya kuhama na ya kabla yake, nikamsaidie. Siku yenyewe lori lilikuja saa mbili asubuhi. Tukapakia kinu na mchi, kitanda cha kamba, kuku ndani ya tenga, na mlango wa mbele, maana Bibi alikataa katakata kuuacha. Dereva alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, akaanza uchokozi mapema.

"Bibi, panda mbele nikakuuze Tabora!"

"Utaniuzaje na wewe ni mtumwa wangu? Kamata usukani, huna adabu."

Alicheka hadi akakohoa. Njia nzima walikuwa hivyo. Tukashuka Pugu, tukapita mjini, tukashika barabara ya Morogoro. Tulipofika Maili Moja nikamwonyesha ofisi yetu, akaipungia mkono kama inamwona. "Tumekaribia, Bibi," nikasema. Bibi akajifunga khanga vizuri, akajiweka tayari kama mgeni anayebisha hodi.

Mlandizi ilikuwa bado mbele. Kabla ya kufika, kwenye kalavati moja, kijidaraja tu cha kupitisha maji, lori likapunguza mwendo, likakata kulia, likaingia porini.

"Dereva! Mlandizi ni huko mbele!"

Alitoa karatasi kifuani akanipa. Ilikuwa kazi yangu. Herufi "e" ya mashine yangu ilikuwa na mkia uliovunjika, nisingeweza kuikana. Neno Mlandizi lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mtu ameandika kwa mkono: eneo jipya. Zile siku mbili nilizoomba ruhusa ndipo orodha iliporekebishwa.

Tukafika mahali palipofyekwa, vigingi vimepigwa kwa mstari. Miti michache imebaki, visiki bado vibichi. Bibi alichungulia dirishani.

"Panaitwaje hapa?"

Nikamwuliza bwana mmoja aliyeshika kamba ya kupimia. Akasema bado hapajapewa jina, tutapachagulia wenyewe tukishakaa.

Bibi hakushuka. Vyombo vilishushwa, kuku wakashushwa, yeye yumo tu mle garini ameshika dirisha. Dereva akaanza, "Bibi, au umenipenda, turudi wote..." halafu akamwona uso. Akaenda kukaa kwenye kisiki, akavua kofia.

"Nimewaambia Mlandizi," Bibi akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Nimewaambia Mlandizi, na nimekwisha kuaga. Nikifa hapa atanijia nani? Watanisubiri Mlandizi hawamwoni mtu."

Nikamwambia ni karibu, Bibi, hata kwa miguu unafika. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka ni mtoto wa nani huyu. Alishuka alasiri, kwa sababu lori lilitakiwa kwingine.

Kesho yake nilikwenda kwa mkubwa wangu ofisini. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kule Mlandizi palijaa, na tofauti ni maili chache tu. "Kwani kuna tatizo gani?" akaniuliza, kalamu mkononi, ananisubiri kweli. Sasa ningemwambia nini, jamani? Kwamba kuna wazee wamo pangoni Kisarawe wamepewa anwani ya uongo, na aliyewapa ni mimi? Nikasema hakuna tatizo, mzee. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Kijiji kikajengeka. Bibi akajengewa nyumba, ule mlango ukapachikwa. Majirani walimpenda, alipata shamba la mihogo, kisamvu nilikila kama nilivyotaka. Lakini kulikuwa na furushi moja ambalo hakulifungua, la kaniki na sanda yake. Lilikaa pale mlangoni kama la mtu anayesubiri basi. Na kila Jumapili, nikishaamkia tu, neno ni hilo hilo.

"Utakwenda lini kuwaambia?"

"Nitakwenda, Bibi."

Sikwenda, kwa sababu sikuwa na majina, na waliowahi kuingizwa tulibaki Bibi na mimi tu. Nikamtega. Siku moja tunatwanga nikamwuliza, kama utani, "Hivi Bibi, yule wa tatu ni nani vile?" Akanipiga kofi la mdomo, dogo lakini la kweli. "Hapa? Nje? Unataka wapotee kabisa?" Nikacheka, naye akacheka. Usiku kitandani kwangu nililia kwa hasira. Anayejua haruhusiwi kurudi, anayeruhusiwa hajui, na mwenye kujua hawezi kumwambia asiyejua. Nilijiona mjinga mbele ya jambo ambalo mama zangu wote waliliweza bila kusoma hata darasa moja.

Kiangazi kilipoingia Bibi akaanza kuvimba miguu. Hakusema anaumwa. Alisema, "Miguu inakataa," na mimi nilijua ni maneno ya nani yale. Jumapili iliyofuata sikwenda kwake. Nilipanda basi la alfajiri nikaenda Kisarawe.

Kilima chetu sikukitambua. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, minazi imesimama peke yake, na njia ya pangoni imeingiliwa na upupu. Nilifika mdomoni najikuna hadi damu. Nikavua viatu. Nikavua saa, safari hii bila kuambiwa. Nikaingia kwa magoti, nikakoroga unga, nikapiga kiganja mara tatu.

Kisha nilijaribu kuvuta kumbukumbu. Nilikumbuka sauti ya Bibi ilivyokuwa inapanda na kushuka, nilikumbuka alipumua mara ngapi, majina hakuna hata moja. "Shikamooni," nikasema. Hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Nikalia. Halafu hasira zikanipanda, nikawagombeza. Nikawaambia nyinyi ni watu wazima, mnamjua Bibi, alizaliwa hapa hapa miguuni penu, mnataka jina la nini? Kwani mkiitwa tu "nyie" hamsikii?

Hakikurudi kitu, na mle huwa hakirudi kitu, kwa hiyo huwezi kujua.

Basi nikawaelekeza. Mahali penyewe hapakuwa na jina la maana bado, kila mkutano walikuwa wanabishana. Nikawaelekeza kama unavyomwelekeza mgeni wa arusi: hayupo Mlandizi, mmenisikia? Niliwadanganya, ni mimi. Shikeni barabara kubwa, mtafika kalavati lenye ukingo mmoja uliovunjika, hapo kateni kulia, mwendo mfupi, mtaona nyumba yenye mlango wetu, ule wa mvule, mnaujua. Muwahi. Nikarudia mara tatu. Nikatoka bila kugeuka, vumbi jeupe limenijaa magotini.

Nilifika kwa Bibi jua halijazama. Alikuwa amelala ubavu, mlango wazi. Aliyaona magoti yangu kabla hajaniona uso, akajaribu kuinuka.

"Umekwenda!"

"Nimekwenda, Bibi."

"Mama we, mke mwenzangu! Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Alinishika mkono akaufinya. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu tuhame. Akaniambia nikae, nile, kuna ugali umefunikwa. Halafu kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetaka kusikia hadithi tena, akauliza, "Ulianza vizuri? Ulianza na yeye?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote, na bado sijui kwa nini siku ile, kati ya siku zote, ndiyo nikachagua kusema kweli.

"Sikuwataja, Bibi. Siku ile niliziba masikio. Sikuyashika hata moja."

Hakufoka. Ningependa afoke. Aliuangalia mkono wangu aliokuwa ameushika, akaendelea kuushika.

"Sasa uliwaelezaje?"

Nikamweleza. Kalavati, ukingo uliovunjika, mlango. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kituo, anafuata njia. Nilianza kupata matumaini. Kwenye kalavati akanisimamisha.

"Hapo ukawaambia wakate mkono upi?"

"Kulia, Bibi."

"Kulia ukitokea wapi?"

"Ukitokea Maili Moja."

Akafumba macho. Nje kuku walikuwa wanaingia bandani, mmojammoja.

"Wao wanatokea Mlandizi," akasema.

Nilimwambia nitarudi tena Jumapili ijayo, nirekebishe. Akasema haya. Akaniambia nile kabla ugali haujapoa. Jumatatu nikaomba ruhusa, mkubwa wangu akasema wiki ijayo, kazi ni nyingi. Alhamisi mchana nikaitwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwa sanda ya lile furushi, na watu walikuja wengi, wa kijiji kizima. Hata yule dereva alikuja, akasimama kaburini kufanya utani wake wa mtani, kama desturi inavyomtaka, akashindwa.

Pango sijaingia tena. Hadi leo nikiwa ndani ya basi natoka Mlandizi kurudi Maili Moja, tukifika kwenye kalavati lile siangalii kushoto, lilipo kaburi la Bibi. Naangalia kulia, kule porini, kama kuna watu wamesimama.